Kabla ya Kulipia Nyumba Kolwezi, Kitabu Kifunguliwe

Anayetafuta nyumba Kolwezi huanza na bei. Halafu huuliza habari za komisioneri, yaani dalali: anachukua kiasi gani, na nani anamlipa, mnunuzi au muuzaji. Halafu maji, umeme wa SNEL, na umbali hadi barabara ya lami. Yote hayo ni ya kuulizwa. Lakini swali ambalo lingemlinda kuliko yote huja mwisho, mara nyingi pesa zikiwa zimeshatoka mfukoni: katika kitabu cha Conservateur, mtunza hati za ardhi, lupangu hii, yaani kiwanja hiki, imeandikwa kwa jina la nani?

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi. Ukinunua nyumba Kongo, hununui ardhi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, haiuzwi, wala mtu haipati kwa sababu tu amekaa juu yake miaka mingi. Mtu hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo ndiyo inayoitwa concession. Raia wa Kongo anaweza kupewa ya kudumu, akairithisha na kuiuza. Mgeni hupewa ya muda usiozidi miaka 25, ambayo inaweza kurefushwa. Kampuni nayo, hata kama wenye hisa wote ni wazaliwa wa Manika, haipati ile ya kudumu. Kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha ukuta, mabati na mti wa maembe uani anakuuzia vitu viwili: jengo, na haki yake juu ya udongo uliobeba jengo. Kama haki hiyo hana, amekuuzia matofali yaliyosimama kwenye kiwanja cha mwingine.

Wageni hapa Lualaba, na ni wengi, wa malori, wa maduka na wa migodi, wakati mwingine hukwepa kikomo hicho kwa kuandikisha nyumba kwa jina la rafiki au mchumba wa Kikongomani. Mimi siwashauri kamwe. Siku mambo yakiharibika, kitabu kitamtambua yule aliyeandikwa, si yule aliyetoa dola.

Haki hiyo inathibitishwa na nini? Sheria imetaja karatasi moja tu: certificat d'enregistrement, ambayo mjini wote huiita sertifika. Inafaa uijue kwa sura kabla hujaletewa. Hutengenezwa kwa nakala mbili. Moja hufungwa ndani ya livre d'enregistrement, kile kitabu kikubwa kinachokaa ofisini kwa Conservateur des titres immobiliers, na ya pili hupewa mwenye haki. Ina namba ya volume na ya folio, yaani kitabu cha ngapi na ukurasa wa ngapi. Ina jina la mwenye haki, aina ya haki yenyewe (ya kudumu au ya muda), matumizi ya kiwanja, namba yake kwenye ramani ya cadastre, na mchoro unaoonyesha mipaka. Ukubwa huandikwa kwa hekta, ares na centiares. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kitasomeka 5 ares. Ukiona karatasi imeandikwa 5 ares lakini ukuta uliouona unazunguka eneo mara mbili ya hilo, basi nusu ya unachouziwa haimo kwenye karatasi, na huenda jirani au manispaa ataidai siku moja.

Sasa, wengi watakuambia wana karatasi. Watakutolea fiche parcellaire, au attestation iliyopigwa muhuri na chef de quartier, au acte de vente iliyosainiwa mbele ya mashahidi na kupitishwa ofisini kwa bourgmestre wa Dilala au wa Manika. Usizidharau karatasi hizo. Zinaonyesha nani anajulikana mtaani kuwa anakaa pale, nani alimuuzia nani, na lini. Mahakamani zinaweza kusaidia kuonyesha kwamba ulinunua kwa nia njema. Lakini haki yenyewe hazihamishi. Chef de quartier anaijua mitaa yake, ila kitabu cha ardhi si chake. Kuna watu Kolwezi wamelala miaka 15 juu ya attestation, wakaamka asubuhi moja wakakuta mtu yuko mlangoni na sertifika mpya, pamoja na huissier, ofisa wa mahakama, na polisi.

Kuna pia contrat de location. Hii hutolewa na Serikali kwa mtu aliyepewa kiwanja kipya, kwa muda usiozidi miaka 3, ili akijenge. Akishajenga na ikathibitishwa kwamba amejenga, ndipo anaomba sertifika. Mtu anayekuuzia kiwanja chenye contrat de location anakuuzia foleni aliyosimama, na nafasi yake kwenye foleni haihami bila ofisi ya ardhi kukubali. Unaweza kuamua kununua hivyo, bei ikishuka inavyostahili. Lakini usilipe bei ya nyumba yenye sertifika.

Hatua ya kwanza, basi, ni kumwomba muuzaji nakala ya sertifika, nakala tu, kisha kwenda nayo circonscription foncière, yaani ofisi ya ardhi. Usimtume komisioneri. Nenda mwenyewe, au na mwanasheria wako, ukaombe kwa maandishi ukurasa ule uangaliwe. Unatafuta mambo manne. Je, jina kwenye kitabu ni hili la kwenye nakala? Je, ukurasa haujafutwa na mwingine kuandikwa? Je, kuna rehani, kwa mfano deni la benki? Je, kuna opposition, yaani mtu aliyeweka pingamizi kwa sababu ya kesi? Ofisi ikijibu kwa maandishi, tunza jibu hilo. Ikijibu kwa mdomo tu, rudi tena na barua nyingine. Unaambiwa ni usumbufu, lakini hapa Waswahili walimaliza zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya kitabu, kiwanja. Mlete mpimaji wa cadastre athibitishe mipaka, na uwepo siku anapopima. Majirani nao wawepo. Mawe ya mipaka, yale mabornes, huhama usiku mara nyingi kuliko unavyofikiri, na jirani ambaye hakuona kipimo atakuwa na la kusema siku utakapoanza kujenga ukuta.

Nani atie saini? Hapa ndipo nyumba nyingi za Kolwezi zinapozalisha kesi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, mume na mke. Code de la famille ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka makubaliano ya wote wawili kabla nyumba au kiwanja hakijauzwa au kuwekwa rehani. Ni hivyo hata kama ndoa yao ni ya mali tofauti, na hata kama sertifika ina jina la mmoja. Mzee akikuambia "mama watoto yuko Lubumbashi, mambo haya ni ya wanaume", mjibu kwa heshima kwamba utasubiri mama arudi. Au muende wote Lubumbashi, kilomita 300 hivi, mkamsikilize mwenyewe. Nauli ya basi ni ndogo sana ikilinganishwa na kesi.

Pili, nyumba ya marehemu. Baba amefariki, sertifika bado ina jina lake, na kijana mkubwa anasema ameachiwa nyumba. Labda kweli. Lakini marehemu hauzi, na kijana hajaandikwa popote. Kwa sheria, watoto wa marehemu, wa ndani ya ndoa na wa nje waliotambuliwa, ndio warithi wa kwanza, na sehemu yao ni robo tatu ya urithi. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi. Ndugu wa marehemu hawaondolewi kabisa, ila hawako mbele ya watoto, hata kama desturi ya ukoo inasema mali ni ya wajomba. Familia inatakiwa iwe na liquidateur, yaani msimamizi wa urithi, mahakama iwatambue warithi, na sertifika ihamishwe kwenda kwao kabla haijaja kwako. Usikubali kurukishwa hatua hiyo ya kati. Waombe warithi wote wakubwa watie saini, pamoja na mjane, na pamoja na yule binti aliyeolewa Likasi ambaye kila mtu amemsahau. Ndiye atakayerudi.

Jambo la kutazama kwa jicho kavu ni familia inayouza haraka sana baada ya mazishi. Mara nyingi haraka hiyo ina mtu mmoja nyuma yake, anayetaka kupokea kabla wengine hawajajua.

Tatu, nyumba za makampuni. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya migodi ya Union Minière, na mji ulijengwa kwa mpango wa kampuni: nyumba za wakubwa huku, makambi ya wafanyakazi kule. Gécamines, kampuni ya Serikali, ilipochukua baada ya mwaka 1967 ilirithi mitaa mizima. Reli nayo, ile ya SNCC, ilikuwa na nyumba zake. Kisha uzalishaji ukaanguka miaka ya 1990, mishahara ikakatika, na mwaka 2003 mpango wa départs volontaires uliogharamiwa na Benki ya Dunia ukawaondoa kazini wafanyakazi 10,655 wa Gécamines. Kwa hiyo utakutana na nyumba ambayo familia imekaa vizazi viwili, watoto wamezaliwa humo, bustani imepandwa na babu. Kila jirani atakuapia kwamba ni yao.

Kukaa si kumiliki. Mtu aliyepewa nyumba kwa sababu ya kazi alikuwa mkaaji, mpaka kampuni ilipomwachia kwa maandishi. Swali la kumuuliza ni hili: kampuni ilikuachia nyumba hii kwa karatasi gani, lini, na iko wapi? Kama anayo karatasi ya kuachiwa, iliyosainiwa na mwenye madaraka, bado inabidi ifuatwe ofisi ya ardhi hadi itoke sertifika kwa jina lake, ndipo aje kwako. Kama anacho kitabu cha zamani cha kazi na karatasi ya mshahara tu, mwonee huruma, na umwachie nyumba yake.

Baada ya hapo, angalia chini. Katika miji mingine ningeishia kwenye ukuta, lakini hapa ni Lualaba.

Haki juu ya udongo na haki juu ya madini ni vitu viwili, na sertifika ya nyumba haikupi gramu ya kobalti. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa mtaa wa Kasulo, akichimba kwenye lupangu yake, alikuta heterogenite, jiwe lenye kobalti. Haikuchukua muda mtaa ukawa na mashimo sebuleni na uani, mengine yamefunikwa kwa turubai, na nyumba zikauzwa kwa bei ya jiwe lililo chini yake badala ya bei ya vyumba. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilikabidhi sehemu ya mtaa huo kwa kampuni ya Congo Dongfang Mining, wakazi wa sehemu hiyo wakalipwa na kuondoka, na eneo likazungushiwa ukuta. Aliyenunua pale kwa nia ya kuishi na kuzeeka alijikuta kwenye foleni ya fidia.

Mwaka 2023 Amnesty International, pamoja na shirika la hapa Kolwezi la IBGDH, ilitoa ripoti juu ya watu walioondolewa kwa sababu ya migodi. Mtaa mmoja uliotajwa sana ni Cité Gécamines, jirani na shimo la mgodi wa COMMUS. Wakazi walieleza kwamba fidia waliyopewa haikutosha kununua nyumba ya namna ile ile mahali pengine penye maji na umeme. Ukienda kutazama nyumba upande huo, usitazame rangi. Tazama pembe za madirisha na kona za kuta: nyufa zinazopanda kwa mshazari, zilizozibwa saruji mpya chini ya rangi mpya. Kaa hadi saa mgodi unapolipua baruti. Uliza majirani kama kuna watu waliokuja kuhesabu nyumba na kuandika namba kwenye milango. Mwenye kuuza hatakuambia kwamba mlango wake umeshapigwa namba.

Ramani za vibali vya madini ziko Cadastre Minier, CAMI, na zinaonekana pia kwa intaneti. Tafuta humo mahali kiwanja kilipo, uangalie kama kimo ndani ya mraba wa kibali cha mtu. Code minier ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye kibali amlipe fidia mkaaji halali wa ardhi anapomwondoa au kumharibia. Zingatia neno halali. Anayekuja kuhesabu fidia anauliza karatasi kwanza, na katiba yenyewe, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa kufuata sheria au desturi. Mtu mwenye sertifika hujadiliana akiwa amekaa kwenye kiti. Mwenye attestation ya mtaa hujadiliana akiwa amesimama.

Wengi sasa hukimbilia viwanja vya pembeni, kuelekea Mutshatsha au njia ya Fungurume, ambako chifu hukata viwanja kwa bei nafuu. Chifu anastahili heshima yake na zawadi yake. Lakini sheria ya 1973 iliziweka ardhi za vijiji chini ya Serikali, ikaahidi kwamba amri ya Rais itakuja kueleza haki za wanavijiji, na amri hiyo imekuwa ikingojwa tangu wakati huo. Saini ya chifu ni mwanzo wa safari. Inafuatiwa na uchunguzi wa ofisi ya ardhi kuona kama kiwanja hakina mtu, halafu mpimaji, halafu contrat. Wala usiridhike na namba ya kiwanja iliyoandikwa kwa chokaa kwenye jiwe.

Malipo je? Acompte, yaani malipo ya awali, ndiyo inayowaliza watu, maana hutolewa mapema, taslimu, kwa komisioneri, kabla kitabu hakijafunguliwa, "ili mwingine asiinunue". Ukilazimika kutoa kitu, toa kidogo, kwa muuzaji mwenyewe, kwa maandishi yanayosema pesa zitarudi kama ofisi ya ardhi itakuta tatizo. Kiasi kikubwa kipite benki. Sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha imeweka kikomo cha malipo ya taslimu kwenye dola 10,000, na hata bila sheria hiyo, hati ya benki ni shahidi asiyesahau. Mkataba wa mauzo ufanywe mbele ya notaire, si kwenye meza ya baa, na utaje volume, folio, ukubwa wa kiwanja, bei ya kweli, majina kama yalivyo kwenye carte d'électeur, na saini ya mke au mume.

Bei ya kweli, nasema. Kuna tabia ya kuandika nusu ya bei ili kupunguza ada. Siku mahakama ikivunja mauzo na kuamuru urudishiwe, utarudishiwa kile kilichoandikwa.

Ushauri wangu, ambao wauzaji wengi hawaupendi, ni kugawa malipo: sehemu mbele ya notaire, na sehemu ya maana ibaki mpaka mutation ikamilike, yaani sertifika ya zamani ifutwe na mpya itoke kwa jina lako. Muuzaji mkweli atalalamika halafu atakubali, kwa sababu naye akipata motisha ya dola zilizobaki atatembea ofisini pamoja nawe. Ada za mutation lipa benki kwa note de perception, hati ya malipo inayotolewa na ofisi, ukadai risiti. Anayekuambia umpe mkononi "ili iende haraka" hakupi kitu cha kuonyesha baadaye.

Na aliyekwisha kununua bila haya yote? Asikae kimya akitumaini kwamba hakuna atakayejua. Mtafute muuzaji akiwa bado hai na bado anakujua, mrudi kwa notaire, mfuate mutation hata kama ni miaka 10 imepita. Muuzaji akifariki, utaanza kuzungumza na warithi wasiokumbuka uso wako. Ukigundua kwamba aliyekuuzia alijua nyumba si yake, hilo ni kosa la jinai, stellionat, na parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, ndiyo mahali pa kupeleka malalamiko, huku madai ya nyumba yenyewe yakienda tribunal de grande instance. Peleka mapema. Ukiona mtu mwingine amepata sertifika juu ya kiwanja chako, hesabu miezi, maana sertifika ikishatimiza miaka 2 bila kupingwa, sheria huilinda kiasi kwamba mara nyingi utabaki kudai fidia ya pesa tu, si nyumba.

Ukishapata yako, fanya nakala zilizothibitishwa, na ya asili usiiweke ndani ya nyumba ile ile inayoitaja. Lipa kodi ya nyumba kila mwaka kwa DRLU, idara ya mapato ya jimbo, na utunze risiti. Mwonyeshe mke au mume wako ilipo, na mtoto mmoja mwenye akili.

Na muuzaji akikataa kwenda nawe kwa Conservateur, hata awe mzee wa kanisa lenu, hata awe shemeji, mshukuru kwa muda wake, urudi nyumbani na pesa zako.